Pointi Sitini na Tatu za Binzari

Aliyempa mtoto huyu jina la Vumilia hakuwa amemwangalia vizuri. Vumilia hajavumilia kitu tangu azaliwe. Chai haisubiri ipoe. Anaimimina kwenye kisahani na kuinywa akiwa amesimama. Ukimwita umwambie jambo, anakusikiliza huku anafuta meza, anakunja turubai, anahamisha ndoo kutoka hapa kwenda pale halafu anairudisha hapa. Kukaa kwenye kiti kwake ni ugonjwa. Wateja wake pale Geita, nyuma ya mstari wa maduka ya wanunuzi wa dhahabu, wameshazoea kula huku wameshikilia sahani zao kwa mkono mmoja, maana ukiiachia tu, ameshaiosha.

Alizaliwa kijijini upande wa Shinyanga, akaolewa na mchimbaji aliyeitwa Mayala, na tangu siku hiyo maisha yake yakawa ni kufuata rashi. Mtu mmoja akiokota punje ya dhahabu kwenye shamba la mihogo, wiki inayofuata watu elfu tatu wako pale na sururu na matandiko yao. Hiyo ndiyo rashi. Na watu elfu tatu lazima wale. Kwa hiyo Vumilia amepika Nyarugusu, amepika Rwamgasa, amepika karibu na Bulyanhulu, amepika Buseresere, na amepika porini mahali ambapo hata jina hapakuwa nalo mpaka wachimbaji walipopabatiza jina ambalo siwezi kulisema mbele za watu. Mara saba alifungasha sufuria. Mayala aliposema sasa twende Chunya, yeye akasema tangulia, nitakukuta. Hakumkuta. Ni mwaka wa kumi huu, na Mayala naye hajarudi kuuliza kwa nini.

Basi mwanzoni mwa mwaka huu mwenye kiwanja akaja. Alikuja na fundi na kamba ya kupimia, akasema anajenga fremu za maduka, na ifikapo mwisho wa mwezi wa tatu wote waliopo wawe wameondoka. Wenzake Vumilia walilia, wakatukana, wakaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Vumilia hakulia. Siku hiyohiyo mteja mmoja alitaja rashi mpya upande wa Mbogwe, na kabla ya jua kuzama Vumilia alijikuta anazihesabu sufuria zake, zipi zitaingia ndani ya zipi. Aliposhtuka na kuona anachokifanya, aliogopa. Miguu ilishakubali kuondoka kabla yeye mwenyewe hajaulizwa. Alikuwa na miaka arobaini na minane, mgongo unauma, binti yake Esta ameshaolewa, na hakuna mahali popote duniani ambapo mtu angesema, Vumilia ni wa hapa.

Siku tatu baadaye akaja Bernadina.

Bernadina alikuwa msimamizi wa jiko kwenye kambi moja ya wafanyakazi wa mgodini, jiko la watu mia nne. Kila Jumanne alikuwa akitoroka chakula cha jiko lake mwenyewe kuja kula pilau la Vumilia.

"Shikamoo, Mama Esta."

"Marahaba, mwanangu. Nikuwekee nyama au kuku?"

"Leo nina neno kwanza. Mpishi wetu mkuu ameacha kazi. Nimekutaja wewe."

Vumilia akaacha kufuta meza. Kwa anayemjua, hilo peke yake ni habari.

"Ni kazi ya mwezi kwa mwezi, mama. Ya mkataba. Hakuna kuhamahama tena. Ila kuna mtihani," akasema Bernadina. "Wapishi wangu wanapokezana zamu. Pilau la huyu chumvi kali, la yule halina ladha, na watu wananipigia kelele kila siku. Nataka uniandikie pilau lako kwenye karatasi, la kilo moja ya mchele, kila kiungo na uzito wake. Kijana wangu Athanas atalipika Ijumaa kwa kufuata karatasi tu. Wewe hutagusa kitu. Likitoka kama hili, kazi ni yako. Sasa, binzari unaweka kiasi gani?"

Vumilia akakunja kiganja, akakionesha. "Hivi."

"Hivi ni gramu ngapi?"

"Hivi ni hivi, mwanangu!"

Bernadina akacheka, akampa fomu yenye safu mbili, moja imeandikwa Kiungo, nyingine Uzito. Vumilia akaikunja mara nne na kuichomeka kifuani. Alasiri yote alipika vibaya. Akili haikuwa jikoni, ilikuwa kwenye safu ile ya pili.

Kesho yake asubuhi alimwaga binzari ya kusaga kwenye kiganja chake kama kawaida, kisha akaihamisha kwa kijiko cha chai. Vijiko vitatu. Chumvi, vitatu. Pilipili manga, kimoja. Mdalasini, kimoja. Iliki na karafuu, nusunusu. Akafurahi sana. Alikumbuka zamani Esta alipougua kikohozi, mhudumu wa dawa alimwambia kijiko kimoja cha chai ni tano. Basi! Tatu mara tano, kumi na tano. Binzari kumi na tano, chumvi kumi na tano, pilipili tano. Akaandika kwa penseli, akavaa khanga, akaenda dukani kwa Bi Nurjahan kununua binzari na kujisifu kidogo.

Bi Nurjahan ni mama wa Kihindi mwenye duka la viungo. Baba yake alianza kuuza karafuu na binzari hapo kabla Geita haijawa mji wa maana. Alivaa miwani, akaisoma karatasi, akaguna.

"Nani kakwambia chumvi na binzari zina uzito mmoja?"

"Si kijiko kilekile, Bi Nurjahan?"

"Lete mikono." Akamwekea kijiko kimoja cha chumvi kwenye kiganja cha kulia, na kimoja cha binzari kwenye cha kushoto. "Fumba macho. Utulie. Nimesema utulie, Mama Esta! Haya. Upi mzito?"

Mkono wa kulia ulikuwa unashuka wenyewe. Vumilia akafumbua macho.

"Yoo!"

"Ile tano ya dawa ni nafasi ya ndani ya kijiko. Kijiko hakijui umeweka nini, kinajua kimejaa. Uzito ni habari nyingine. Chumvi inajipanga, binzari ina hewa ndani. Na ukiweka binzari nzima, haijasagwa, hewa inakuwa nyingi zaidi. Na hiki kijiko chako ulikifuta juu, au kilikuwa na kichuguu?"

"Kilikuwa na kichuguu kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Hapo Vumilia akakasirika. Mtu amepika miaka ishirini na sita, ameshibisha machimbo mazima, leo anaulizwa kichuguu cha kwenye kijiko. Lakini alijua bibi huyu yuko sahihi, na kujua huko ndiko kulikozidi kumchoma. Wakajaribu mizani ya duka, ile ya sahani mbili na mawe ya chuma. Kijiko cha binzari hakikuitikisa. Mizani ya kupimia sukari ya watu haina habari na kijiko cha chai.

"Dawa yake rahisi," akasema Bi Nurjahan. "Paketi hii ya binzari ni gramu mia. Kaa hapo juu ya gunia. Teka kijiko kimoja kimoja, futa juu kwa mgongo wa kisu, hesabu mpaka paketi iishe. Ugawanye mia kwa hesabu yako. Ukimaliza binzari, unakwenda kwenye chumvi."

Vumilia akakaa. Teller wa benki hakai kwa heshima aliyokaa nayo. Kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu. Cha saba goti likaanza kutikisika. Cha tisa akamwona mtu anayemfahamu akipita, akamsalimia, akasahau kama ni cha tisa au cha kumi. Kwenye kumi na moja akasimama, akafunga khanga upya.

"Bi Nurjahan, nitarudi."

"Hutarudi," akasema Bi Nurjahan bila kuinua uso.

Ni kweli, hakurudi. Wazo lilikuwa limemjia: kwa nini ahesabu vijiko mia kidogo kidogo wakati amezungukwa na mizani nzuri kuliko zote za nchi hii? Ukuta wa nyuma wa jiko lake ndio ukuta wa ofisi ya Sostenes, mnunuzi mdogo wa dhahabu, mwenye mizani ya umeme iliyofungiwa kwenye kisanduku cha kioo ili hata pumzi isiiguse.

"Shemeji," akasema Sostenes alipoona kopo la chumvi, "mashine hii haijawahi kudhalilishwa hivi."

"Utakula bure kesho. Pima."

Akatandika karatasi, akafuta namba zisome sifuri, akaweka kijiko cha binzari kilichofutwa vizuri juu kwa kisu. Akasoma kama anavyosoma siku zote, kwa sauti kavu, macho kwenye kioo. "Ishirini na moja." Chumvi. "Sitini." Pilipili manga. "Ishirini na tatu." Mdalasini. "Ishirini na sita." Vumilia alikuwa akiandika akiwa amesimama, akizidisha kwa tatu panapohitaji tatu, akigawa panapohitaji nusu. Binzari sitini na tatu. Chumvi mia na themanini. Robo saa haikufika, kazi imekwisha. Akamcheka Bi Nurjahan moyoni, akapanda pikipiki mpaka getini kambini, akakabidhi fomu kwa mlinzi ifikishwe kwa Bernadina.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Alhamisi hakutulia. Alipanga sufuria, akazipangua. Aliota mchana kweupe nyumba ya vyumba viwili yenye mlango wa chuma, akaipaka rangi, akachagua na pazia, kisha akajikemea.

Ijumaa asubuhi alikuwa na wateja watano, mmoja wao mgeni, fundi wa simu kutoka Dar es Salaam. Kijana wa machimboni akaingia akiwa na vumbi mpaka kwenye kope, anacheka peke yake.

"Mama Esta, nipe sahani mbili! Nimetoka kwa Sostenes sasa hivi. Nimepima kumi na nne!"

"Gramu kumi na nne?" Yule mgeni akainuka kabisa kwenye benchi. "Kaka, umetajirika!"

Benchi zima likaangua kicheko. "Gramu wapi, mgeni," akasema kijana. "Pointi! Pointi kumi ndiyo gramu moja. Hapa ukisikia namba kavu, hiyo ni pointi. Gramu kumi na nne angezipata, angekuja kula kwa mama ntilie?"

Vumilia alicheka nao. Alikuwa wa kwanza kucheka, na kwa sauti kuliko wote. Kisha akaacha ghafla. Neno hilo alilijua kabla hata hajajua kupika pilau; Mayala alikuwa akirudi kila jioni na pointi, hakuna siku alirudi na gramu. Ndiyo maana hakuuliza. Sostenes alisoma ishirini na moja, masikio yake yakasikia pointi, mkono wake ukaandika ishirini na moja, na wote wawili walikuwa wameelewana vizuri sana. Mtu wa kusoma karatasi hakuwa wa Geita. Athanas alikuwa kijana wa Morogoro, ana mwezi mmoja tu tangu afike. Chumvi mia na themanini! Gramu kumi na nane ilikuwa imegeuka kuwa mia na themanini, kwenye kilo moja ya mchele!

Aliacha wateja, akaacha mwiko ndani ya sufuria, akavuka barabara bila kuangalia. "Kambini! Kimbiza!" Mwenye bodaboda alikimbiza, na bado Vumilia alikuwa anampiga piga begani. Getini mlinzi alimwambia asubiri apige simu. Alisubiri kwa kutembea, hatua sita kwenda, hatua sita kurudi, mpaka mlinzi akasema mama, unanitia kizunguzungu.

Bernadina akatoka. Nyuma yake Athanas, ameshika sahani iliyofunikwa, uso umemshuka.

"Shikamoo, mama," akasema Athanas, karibu alie. "Niliona ni nyingi. Lakini niliambiwa nifuate karatasi, nisiongeze langu."

Vumilia akafunua sahani. Wali ulikuwa mweusi. Akachota kwa vidole, akatia mdomoni. Aliona ni haki yake aule, kwa hiyo akautafuna na kuumeza wote. Chumvi ilimkata ulimi, mdalasini ukafuata kwa uchungu kama gome la mti, machozi yakatoka yenyewe.

"Ni pointi," akasema. "Bernadina, mwanangu, zile ni pointi. Nilipima kwenye mizani ya dhahabu."

Ikabidi amweleze. Bernadina alisikiliza, akajizuia kucheka, akashindwa, akacheka mpaka akashika nguzo ya geti. Lakini alipomaliza uso wake ukarudi kuwa wa kazini.

"Mama, kama tungelipika hili kwenye sufuria kubwa, leo watu mia nne wangelala njaa na mimi ningefukuzwa. Kuna mwombaji mwingine, pilau lake si kama lako, lakini karatasi yake inaeleweka. Nakupa mpaka Jumatatu. Na usiniletee namba ulizosomewa na mtu. Niletee ulizopima mwenyewe."

Angeweza kugawa kwa kumi, akamaliza palepale. Alilijua hilo wakati yuko juu ya pikipiki anarudi. Lakini hakuwa na imani tena na namba yoyote ambayo vidole vyake havikuigusa, na alikuwa na aibu, aibu nzito iliyomkaa tumboni pamoja na ile chumvi. Jumamosi alifunga jiko, akaenda dukani.

"Shikamoo, Bi Nurjahan. Gunia langu liko wapi?"

 Bi Nurjahan akalivuta gunia la dengu mpaka mahali penye mwanga, akaweka paketi, kijiko, kisu na trei.

Jamani, ile siku. Alihesabu mpaka thelathini na moja, akapotea, akarudisha binzari yote, akaanza upya. Miguu iliwasha, akaifunga kwa khanga, kweli kabisa, akaifunga vifundoni. Pikipiki zilipita, akasikia watu wanataja rashi ya Mbogwe, akazidi kuinama kwenye trei. Adhuhuri Bi Nurjahan akaenda kuswali, akarudi, akamletea chai ya tangawizi. Vumilia akaiacha ipoe. Vijiko arobaini na nane, kisha paketi ikaisha. Bi Nurjahan akabofya simu yake.

"Gramu mbili, nukta sifuri nane."

Vumilia akafungua daftari. Sostenes: ishirini na moja. Akaangalia moja, akaangalia nyingine. "Ina maana Sostenes alikuwa sawa tangu mwanzo!"

"Alikuwa sawa. Wewe hukuandika ni ishirini na moja ya nini." Bi Nurjahan akamsogezea paketi ya chumvi, nusu kilo. "Hii ni vijiko themanini na kitu. Endelea."

Akaendelea. Walipofunga duka alikuwa amebakiza iliki tu, na alipojaribu kusimama ganzi ilikuwa imemshika miguu yote miwili, ikabidi ashikwe mkono.

Jumapili akamalizia iliki, na Jumatatu akapeleka karatasi mpya. Kila namba ilifuatwa na neno gramu, limeandikwa kwa kirefu, herufi zote, na pembeni ameongeza: kijiko cha chai, kimefutwa juu kwa kisu, binzari ya kusaga. Akasubiri nje ya geti saa moja na dakika kumi. Upepo ulipogeuka alisikia harufu, akaacha kutembea.

Athanas ndiye aliyeileta sahani. Vumilia akachota, akatafuna polepole. Lilikuwa pilau lake. Punje kwa punje, lilikuwa lake kabisa, na yeye mkono wake haukuwepo. Alikuwa nje ya ukuta, anasuguana na mlinzi.  Hakujua kama afurahi au ajione ameibiwa.

"Sasa karatasi mnayo, mwanangu," akamwambia Bernadina. "Mimi mtanitakia nini?"

"Hata ya Ijumaa ilikuwa karatasi, mama, na Athanas aliipika yote. Nataka mtu wa kuonja kabla ya watu mia nne." Akamwekea kiti ndani ya kibanda cha mlinzi, na fomu nyingine, ndefu, na kalamu. "Kaa ujaze."

Vumilia akakaa. Jina, akaandika. Umri, akaandika. Mstari wa tatu uliuliza Makazi ya kudumu. Mstari huo amekutana nao maisha yake yote, kwenye zahanati, kwenye shule ya Esta, kwenye laini za simu, na siku zote ameuacha wazi au ameandika chochote kilichokuwa karibu. Akaweka ncha ya kalamu juu yake na kuiacha hapo. Bernadina akadhani hajaelewa swali, akanyoosha mkono amsaidie. Vumilia akamwondoa kwa kiwiko.

Akaandika Geita. Akaliangalia neno lile limekaa peke yake, limekaa kavu, akakumbuka. Akaongeza mtaa, akaongeza jina la mwenye nyumba alikopanga chumba, akaongeza mlango wa pili kushoto ukitokea kisimani, ili atakayesoma asikosee.